Kupindika na Kupotoshwa: Historia ya Shata ya Kamera na Ushahidi wa Picha za Vitu Viendavyo Kasi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya shata ya kamera kuanzia mabamba ya kwanza ya karne ya 19 hadi vihisi vya simu za leo, kwa lengo la kueleza kwa nini kitu kinachokwenda kasi huonekana pichani kikiwa kimepinda, kimerefuka au kimelala upande. Hoja kuu ni kwamba mpindiko huo hausababishwi na mkono wa mtu bali na muda: sehemu mbalimbali za picha moja hunaswa kwa nyakati tofauti. Makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kulieleza jambo hili kwa usahihi, na kwamba tafsiri isiyozingatia nyenzo hizo inaweza kuifanya picha ya kweli ihesabiwe kuwa ya kughushi. Mwishoni yanapendekezwa mambo matatu kwa wanaistilahi na kwa washauri wa sera katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri ripoti fupi ya kitaalamu kwa ajili ya kikao cha nidhamu cha wasafirishaji katika mji mmoja wa mpakani. Ripoti ilihusu picha iliyopigwa kwa simu na kijana mchuuzi aliyekuwa kando ya barabara. Picha ilionesha basi likilipita lori kwenye kona, magurudumu yake ya kulia yakiwa ng'ambo ya mstari usiokatika. Basi lenyewe lilionekana kuwa la ajabu: madirisha yalikuwa yameinamia nyuma, magurudumu hayakuwa duara, na ubavu mzima ulikuwa kama sanduku lililosukumwa upande. Mtaalamu alieleza kwamba umbo hilo lilitokana na namna simu inavyonasa mwendo. Mimi, kwa haraka, niliandika kwamba picha "imepotoshwa".

Neno hilo lilitosha. Mwenyekiti wa kikao aliuliza ni nani aliyeipotosha. Mchuuzi hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeipotosha. Picha iliwekwa kando, lalamiko likafungwa, na kijana yule akaondoka na jina la mghushi. Nilipoisoma upya ripoti usiku ule ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa la mtaalamu wala la kikao. Lilikuwa katika kauli ya kitenzi nilichokichagua.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Kwanza yanaeleza kihistoria jinsi shata ilivyokuja kupinda maumbo ya vitu viendavyo kasi. Kisha yanarudi kwenye lugha, kwa kuwa suala la picha kama ushahidi haliwezi kutenganishwa na maneno tunayolielezea.

2.0 Kabla ya shata: mwendo unaotoweka

Katika Kiswahili picha ya kawaida, isiyo ya sinema, huitwa picha mnato, na ile ya sinema huitwa picha jongefu. Istilahi hizi ni nzuri, lakini zina dhana iliyojificha ndani yake: kwamba picha ya kwanza haina mwendo wala muda, kana kwamba tukio limegandishwa kwa nukta moja na kunata pale. Historia ya upigaji picha inakanusha dhana hiyo tangu hatua zake za awali.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple jijini Paris. Mtaa huo ulikuwa na shughuli nyingi, lakini katika bamba lake unaonekana karibu mtupu. Bamba lilihitaji kupigwa na mwanga kwa dakika kadhaa, na watu na magari ya farasi yaliyopita hayakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Kamera za wakati huo hazikuhitaji shata; mpiga picha aliondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akasubiri, akakirudisha. Mwendo haukupindika. Ulitoweka.

Kemia ilipoboreshwa na muda kufupishwa, mwendo ulianza kuonekana kama ukungu: mguu wa farasi ukawa doa lililofifia, gurudumu likawa sahani isiyo na miale. Ukungu huu ulieleweka kwa urahisi. Mtazamaji aliuona akajua kwamba kitu kilikuwa kikitembea. Ugumu ulianza pale ambapo picha ilikuwa kali, yenye kingo zilizo wazi, na bado umbo halikuwa lile analolijua mtu kwa macho yake.

3.0 Kufumba na kufumbua: shata iliyo kwenye lenzi

Swali la kwanza kubwa la kasi lilihusu farasi. Wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora farasi wa mbio akiwa amenyoosha miguu yote minne mbele na nyuma, kama ilivyo katika mchoro wa Théodore Géricault wa mbio za Epsom wa mwaka 1821. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge, akifadhiliwa na Leland Stanford, alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio na kutega nyuzi zilizofyatua shata moja baada ya nyingine farasi alipopita. Picha zilionesha kwamba miguu yote minne huachana na ardhi, lakini hilo hutokea inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si inapokuwa imenyooshwa. Miaka minne baadaye, 1882, Étienne-Jules Marey nchini Ufaransa alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki na sahani inayozunguka, akanasa mfululizo wa picha za ndege arukaye.

Shata za Muybridge zilikuwa mbele ya lenzi. Jambo hili ni la msingi katika hoja yetu. Kila sehemu ya lenzi hupeleka nuru kwa kila sehemu ya bamba. Kwa hiyo shata iliyo kwenye lenzi inapofunguka, bamba zima huanza kupata mwanga karibu kwa pamoja, na inapofunga, lote huingia gizani karibu kwa pamoja. Hufanya kazi kama kope za jicho, na usemi wetu wa "kufumba na kufumbua" unaielezea barabara. Shata ya majani ya chuma yanayofunguka na kufunga katikati ya lenzi, kama ile ya Compur iliyotolewa Ujerumani mwaka 1912, ni ya ukoo huo. Kitu kikienda kasi mno kwake hupata ukungu, lakini umbo lake halipindiki.

Udhaifu wa shata hiyo ulikuwa kikomo cha kasi. Majani yanapaswa kuanza kusogea, kufunguka, kusimama na kurudi, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na chuma kina uzito. Kwa miongo mingi haikuwa rahisi kuvuka sehemu 1 ya 500 ya sekunde kwa njia hiyo. Waliotaka kunasa mbio za magari, ndege au risasi walihitaji utaratibu mwingine.

4.0 Pazia lenye mwanya

Utaratibu huo ulipatikana kwa kuihamisha shata kutoka kwenye lenzi na kuiweka nyuma, mbele kidogo tu ya bamba. Mwaka 1888 Ottomar Anschütz, mpiga picha wa Ujerumani ambaye tayari alikuwa amepata sifa kwa picha zake za korongo za mwaka 1884, alipata hataza ya shata ya aina hiyo. Ilikuwa pazia la kitambaa lenye mwanya mwembamba. Pazia lilipoachiwa, mwanya ulipita juu ya bamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukiruhusu mwanga kupita pale tu ulipo.

Ustadi wake ni huu: ili kupunguza muda wa mwanga hapakuwa na haja ya kuongeza kasi ya pazia, ilitosha kuupunguza upana wa mwanya. Kila nukta ya bamba ingepata mwanga kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Lakini bamba zima halikupata mwanga kwa wakati mmoja. Ukingo wa kwanza ulikuwa umekwisha kunasa sehemu yake kabla ukingo wa mwisho haujaanza.

Hapa kuna nyakati mbili ambazo lugha ya kila siku huzichanganya. Wa kwanza ni muda ambao kila nukta ya picha hupata mwanga. Makala haya yanauita muda wa nukta. Wa pili ni muda ambao mwanya huchukua kuvuka fremu yote. Tuuite muda wa fremu. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kitufe cha kamera ni ya muda wa nukta. Muda wa fremu haukuandikwa popote, na ndio unaopinda maumbo.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuchukulie pazia linalovuka fremu kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde, huku muda wa nukta ukiwa sehemu 1 ya 1,000. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa husogea mita 33 hivi kila sekunde. Katika muda wa nukta gari hilo litasogea sentimita 3 tu, kwa hiyo kingo zake zitakuwa kali. Katika muda wa fremu litasogea zaidi ya nusu mita. Likiwa limejaza fremu, sehemu yake iliyonaswa mwisho itakuwa imesogea mbele kwa nusu mita kulinganisha na ile iliyonaswa mwanzo. Mwelekeo wa pazia ndio huamua umbo la mpindiko. Pazia likienda wima, gari huinama. Likienda mlalo, gari hurefuka iwapo taswira yake inasafiri upande uleule wa mwanya, na hufupika iwapo vinapishana.

5.0 Gari la Lartigue

Picha iliyoufanya mpindiko huu ujulikane duniani ilipigwa na kijana wa Kifaransa, Jacques-Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, katika mashindano makubwa ya magari ya Ufaransa. Kwa muda mrefu imetajwa kuwa ya mwaka 1912 na kwamba gari ni la Delage. Wachunguzi wa historia ya magari wamedai baadaye kwamba ni la Schneider, katika mashindano ya mwaka 1913. Gari lenye namba 6 limekatwa na ukingo wa kulia wa fremu. Gurudumu lake la nyuma ni duaradufu lililoinamia mbele, kana kwamba linalikimbilia gari lenyewe. Watazamaji na nguzo kando ya barabara wameinamia nyuma, kama miti iliyopigwa na upepo wa gari hilo.

Mtu anaweza kudhani kwamba picha yenye vitu vilivyoinama pande mbili zinazopingana lazima imechezewa. Maelezo ni mepesi. Taswira ndani ya kamera huwa juu chini, kwa hiyo mwanya ulioshuka juu ya bamba ulinasa ardhi kwanza na vilele mwisho. Wakati mwanya ukipita, gari lilikuwa likisogea mbele. Sehemu yake ya juu ilinaswa baadaye, ikiwa imekwisha kusogea, na gurudumu likainamia mbele. Papo hapo Lartigue alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, lakini kwa kasi ndogo kuliko ya gari. Ndani ya fremu, watu waliosimama walikuwa wakirudi nyuma. Vichwa vyao, vilivyonaswa baada ya miguu, vikaonekana nyuma ya miguu. Picha moja imehifadhi mienendo miwili: wa gari na wa mikono ya mpiga picha.

Picha hiyo ilikaa miongo kadhaa bila kujulikana kwa umma. Mwaka 1963 Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya maonesho ya kazi za Lartigue chini ya usimamizi wa John Szarkowski, na kilichoweza kuonekana kuwa dosari ya kifundi kikatambuliwa kuwa mojawapo ya picha maarufu za karne. Kufikia wakati huo wachoraji wa vibonzo walikuwa wamezoea kuinamisha magurudumu mbele ili kuonesha kasi, nasi hadi leo tunalisoma gurudumu lililoinama kama alama ya mwendo. Jicho la binadamu halijawahi kuliona gurudumu la namna hiyo barabarani. Limejifunza kutoka kwenye shata ya pazia.

6.0 Pale mpindiko unapokuwa kipimo

Tawi moja la historia hii linastahili kutajwa kwa sababu linaonesha kwamba picha iliyopindika inaweza kuwa ushahidi bora kuliko isiyopindika. Tangu miaka ya 1930, picha za mstari wa mwisho katika mbio zimepigwa kwa kamera isiyo na shata ya kawaida. Mwanya wake mmoja mwembamba umeelekezwa kwenye mstari wa mwisho, na filamu hupita nyuma yake mfululizo. Katika kamera za sasa kazi hiyo hufanywa na safu moja ya kihisi inayosomwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Katika picha ya namna hiyo, kusoma kutoka upande mmoja hadi mwingine si kusoma umbali bali ni kusoma muda. Kila mstari wa wima ni mahali palepale, yaani mstari wa mwisho, kwa nukta tofauti. Mkimbiaji aliyekanyaga mstari huonekana na mguu mrefu mno, kwa kuwa mguu ulikaa pale kwa muda, na kichwa chake kinaweza kuwa chembamba. Hakuna anayelalamika kwamba picha imeghushiwa, kwa sababu waamuzi wanajua kinachosomwa: ni wakati gani kiwiliwili kilifika. Katika fainali ya mita 5,000 ya mashindano ya dunia jijini Paris mwaka 2003, Eliud Kipchoge wa Kenya alipewa ushindi kwa dakika 12 na sekunde 52.79, mbele ya Hicham El Guerrouj wa Morocco aliyetumia 12:52.83. Tofauti ya sehemu 4 za mia za sekunde inapimwa kwa aina hiyo ya picha, ambayo ingewekwa mbele ya mtu asiyejua ingeonekana kama kioo cha kuchekesha watoto.

Fundisho ni kwamba picha haihukumiwi kwa kufanana na tunachokiona kwa macho. Huhukumiwa kwa kujua ilitengenezwaje, na kwa kuiuliza swali inaloweza kulijibu.

7.0 Kutoka pazia hadi safu za kihisi

Shata ya pazia ilitawala karne ya 20. Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925, ilitumia pazia la kitambaa lililokwenda mlalo. Nikon F ya mwaka 1959 ilifuata mwelekeo huohuo. Wapiga picha waliofanya kazi na filamu na kamera za aina hii wanaikumbuka dalili yake moja vizuri sana: ukitumia flashi kwa kasi ya shata iliyozidi kiwango kilichowekwa, kwa Nikon F sehemu 1 ya 60, upande mmoja wa picha hutoka mweusi. Flashi iliwaka kwa nukta fupi, na kwa nukta hiyo mwanya ulikuwa umefunua sehemu tu ya fremu. Ule ukanda mweusi ni ushahidi wa wazi kabisa kwamba fremu haifunguki yote kwa pamoja.

Flashi yenyewe ni njia nyingine ya kukwepa mpindiko. Mwaka 1851 William Henry Fox Talbot alifunga ukurasa wa gazeti kwenye gurudumu linalozunguka ndani ya chumba cha giza jijini London, akaumulika kwa cheche ya umeme, na maandishi yakasomeka. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton aliiendeleza kanuni hiyo nchini Marekani kwa taa za umeme za nukta fupi mno. Nuru inapoangaza kila kitu kwa pamoja, gizani, shata haina la kuamua.

Katika simu za leo pazia la kitambaa halipo, lakini mantiki yake imebaki. Vihisi vingi husomwa safu kwa safu, kwa kawaida kutoka juu kwenda chini, na usomaji wa fremu yote huchukua milisekunde kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi. Ndiyo maana pangaboi la ndege likipigwa picha kwa simu kutoka dirishani huonekana limejikunja kama mundu, au vipande vyake vikielea peke yake hewani. Vihisi vinavyonasa safu zote kwa pamoja vipo, na mwaka 2023 Sony ilitangaza kamera ya kwanza ya fremu kamili yenye kihisi cha namna hiyo kwa soko la wapiga picha. Simu zilizo mikononi mwa wananchi wengi, hata hivyo, bado zinasoma safu kwa safu, na ndizo zinazopiga picha za ajali, maandamano na makosa ya barabarani.

Sasa tunaweza kulirudia basi la utangulizi. Tuchukulie kasi ya kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, na usomaji wa milisekunde 20. Basi lenye urefu wa mita 3 kwenda juu, likijaza fremu, linasogea nusu mita kati ya kunaswa kwa paa na kunaswa kwa magurudumu. Paa limenaswa kwanza, likiwa nyuma. Magurudumu yamenaswa mwisho, yakiwa mbele. Basi linainamia nyuma kwa nyuzi zipatazo 9. Nguzo ya umeme kando yake, kama simu ilishikwa imara, itakuwa wima. Hilo ndilo alilolieleza mtaalamu. Zaidi ya hayo, mpindiko huu hutokea kwa kufuata njia ya mwendo. Haulihamishi gurudumu kutoka upande mmoja wa mstari wa barabara hadi mwingine. Kwa swali lililokuwa mbele ya kikao, kama basi lilivuka mstari au halikuvuka, picha ya mchuuzi ilikuwa shahidi mzuri.

8.0 Suala la lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema tofauti kati ya "kikombe kimevunjika" na "kikombe kimevunjwa". Kauli ya kutendeka huieleza hali bila kumtaja wala kumdokeza mtenda. Kauli ya kutendwa humwacha mtenda mlangoni. Hata asipotajwa, msikilizaji anajua yupo. Kiingereza, ambamo ripoti ile iliandikwa, hutumia neno moja kwa hali zote mbili, na msomaji huamua kwa muktadha. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua.

Niliposema "imepotoshwa" nilimweka mtenda ambaye hakuwepo. Hata "imepotoka" isingefaa sana, kwa kuwa upotofu umebeba uzito wa kimaadili. Kitenzi kilichonifaa ni "kupindika", na nomino yake "mpindiko". Basi limepindika pichani, kama mti unaoonekana umepindika ndani ya maji: hakuna aliyeupinda, na anayejua tabia ya maji hadanganyiki.

Jina la kifaa nalo linahitaji uangalifu. Wapiga picha wetu husema "shata", na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Sioni sababu ya kulipiga vita. Linalohitajika ni kulipa vivumishi. Shata ya lenzi hufumba na kufumbua. Shata ya pazia hupitisha mwanya. Shata ya safu, ambayo si kifaa bali ni utaratibu wa kusoma kihisi, hufanya kazi ya pazia bila pazia. Mtu anayesema "shata" peke yake mbele ya hakimu hajasema ni ipi kati ya hizi, na tofauti kati yao ndiyo inayoamua kama gurudumu la duaradufu ni jambo la kutarajiwa au la kutiliwa shaka.

9.0 Mapendekezo

Sheria za ukanda wetu zimekwisha kufungua mlango. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inahusu cheti kinachoeleza namna rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa na kutoa maelezo ya kifaa kilichotumika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Uganda ya mwaka 2011 zinaelekeza kwamba uzito wa ushahidi wa aina hii upimwe kwa kuangalia, miongoni mwa mengine, namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Kilichobaki ni kuyapa maneno haya maudhui. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, maelezo ya kifaa yanayoambatana na picha ya kitu kilichokuwa katika mwendo yataje aina ya shata, muda wa nukta, na muda wa fremu pale unapoweza kupimwa. Jina la simu na tarehe pekee havitoshi.

Pili, mabaraza na taasisi za Kiswahili za nchi zetu, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zisanifu kwa pamoja istilahi chache za fani hii, zikiwemo zile zilizojaribiwa hapa, ili shahidi wa Busia na mkalimani wa Namanga wasielewane kwa bahati. Picha huvuka mipaka kwa sekunde. Istilahi nazo zinapaswa kuweza kuvuka.

Tatu, wakalimani na wafasiri wa mahakama na wa mabaraza ya nidhamu wafundishwe kuitazama kauli ya kitenzi kama jambo la kisheria. Kabla ya kuandika kauli ya kutendwa, mfasiri ajiulize kama matini asilia yanamdai mtenda.

10.0 Hitimisho

Historia ya shata ni historia ya kupunguza muda bila kuufuta. Mabamba ya Daguerre yalipoteza mwendo, kamera za baadaye zikaufanya ukungu, na pazia la Anschütz likaufanya mpindiko, ambao vihisi vya simu vimeurithi. Katika kila hatua picha mnato imebaki na muda ndani yake, na kitu kiendacho kasi ndicho kinachoufichua. Anayejua hivyo anaweza kulisoma gurudumu lililoinama na kupata kutoka kwake mwelekeo na hata makisio ya kasi. Asiyejua atalitaja kuwa uongo, na atamtafuta mwongo.

Kijana mchuuzi hakuwa mwongo. Simu yake ilinasa basi kwa muda wa milisekunde chache, paa kwanza na magurudumu mwisho, kama ilivyoundwa kufanya. Aliyemkosea alikuwa mfasiri.